Uzinduzi wa Maktaba ya Uchumi ya Vijana Wanaosomea Nyumbani, Burnsville, Minnesota

Mheshimiwa Mchungaji wetu. Waheshimiwa wazee wa kanisa mliopo, pamoja na wale waliokwama kwenye foleni ya barabara kuu ya I-35 wakija. Mheshimiwa Katibu wangu Nahashon, anayenishikia maikrofoni. Mheshimiwa mke wangu. Kina mama wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila hata kulala, poleni sana. Wazazi wote mnaosomesha watoto nyumbani. Na ninyi vijana wenyewe mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, basi ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtoto mchanga analia.)

Mimi, Jotham Wanjala, Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Kimataifa ya Uteuzi wa Vitabu vya Uchumi, na nasema ya kimataifa kwa sababu Mama Emérance ni Mkongomani, nasimama mbele yenu kwa ule unyenyekevu wangu ambao wengi wameusifu, kuwaambia kwamba kwa miezi minane kamati yangu imehangaika na swali moja tu: mtoto wa miaka kumi na saba anayesomea mezani kwa mama yake kule Coon Rapids, asome kitabu gani cha uchumi? Jibu ni hili hapa! (Anainua kitabu chenye jalada la kijani. Makofi. Msichana anasimama kule nyuma: "Anko, hiyo ni kitabu yangu.")

Asante, Keziah, binti wa dada yetu Nkatha. Kaa chini, mwanangu. Lakini wazazi, mmesikia? Kitabu yangu! Jamani, Minnesota inatumalizia watoto! Kitabu ni ngeli ya ki-vi, mwanangu. Changu! Hebu semeni wote: kitabu changu! (Ukumbi: "Kitabu changu!") Sijasikia! (Ukumbi: "Kitabu changu!" Mama Emérance, mstari wa mbele: "Changu ya nani, Papa Président? Ile ni ya mutoto!" Kicheko.)

Mama Emérance, maswali ni baada ya chai. Nikirejea kwenye framework yetu, tumekaa vikao thelathini na kimoja, na katika vikao hivyo asilimia tisini na nne vilikuwa na chapati. Tukaunda kamati ndogo ya majalada, iliyopendekeza kijani. Kamati ndogo ya uzito, maana kitabu cha uchumi kisichochosha mkono ni cha kutiliwa shaka. Na tulipopiga kura kama vijana wanastahili kusoma, walioafiki walikuwa asilimia mia moja na tisa, kwa sababu Katibu alipiga kura ukumbini na akapiga tena kwenye Zoom. (Katibu anainama kwa heshima.)

Phase one ilikuwa Sura ya Kwanza, inayoitwa Uhaba. Nitawaeleza kwa lugha nyepesi, kama mtaalamu anavyopaswa. Uhaba ni pale kitu kipo kimoja na wanaokihitaji ni zaidi ya mmoja. Kwa mfano... mfano mzuri hapa ungekuwa... (Keziah: "Anko, mfano uko kwa mkono yako.") Mkono wako, mwanangu. Wako! Polepole tutafika.

Wala msidhani tulisoma juujuu. Tazameni pembeni mwa kurasa: maelezo ya kitaalamu, kwa wino wa zambarau, mpaka ukurasa wa mia tatu, na penye hoja nzito, wataalamu wetu wamechora kimoyo kidogo. (Nkatha, mama yake Keziah, anasimama na sare yake ya hospitali: "Mwenyekiti, huo ni mwandiko wa mtoto wangu. Ulichukua hicho kitabu Septemba, pale parking ya kanisa, ukasema ni cha siku mbili. Mtihani wake ni Jumatatu. Hizo notes ndizo anazozitegemea. Mimi nimechoka, na mtoto analia kila siku.")

Dada Nkatha, pole. Nimeguswa, na naomba Katibu aandike kwamba nimeguswa. Ila ieleweke kwamba siku mbili za kamati si sawa na siku mbili za kalenda. Hata hivyo, kwa mamlaka niliyonayo, natangaza hapa hapa vitabu arobaini, rafu ya mbao ngumu na zulia la kukalia wasomaji, vyote vitakavyofika mara tu stakeholders watakapokubaliana ni vitabu gani, na rafu ikae wapi, na zulia liwe... (Keziah amefika mbele. Ananyoosha mkono: "Anko. Kitabu changu.")

Ehee! Mmesikia? Changu! Ngeli imenyooka, mbele ya mashahidi! Sasa nani atathubutu kusema mradi huu haujazaa matunda? Chukua, mwanangu. Kitabu chako. (Anampa. Vigelegele.)

Uchumi! (Ukumbi: "Juu!") Kamati! (Ukumbi kimya. Katibu, peke yake: "Juu!") Chapati! (Ukumbi: "Juu zaidi!")

Kwa hayo machache, nawashukuru wauguzi kwa uvumilivu, Mama Emérance kwa ukali, wajumbe wangu kwa kuhudhuria pale palipokuwa na chapati, na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Keziah, kwa kutuazima mradi. Ukimaliza mtihani Jumatatu, naomba uturudishie, maana kamati ndiyo kwanza imefika ukurasa wa tisa. Nimeweka alama hapo kwa risiti yangu ya kahawa. Tafadhali, usiitoe.

(Keziah anaitoa.)