Kochi Letu Meza Kuu

Jumamosi, 6 Julai

Gari la matangazo limezunguka Nsemulwa asubuhi yote. Uchaguzi mdogo wa diwani ni wiki ijayo, na mgombea wetu, Hezron Lusambo, anafunga kampeni Ijumaa kwenye uwanja wa shule. Watoto walilifukuza gari hadi barabarani, wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Na habari mbaya. Mtoto wa jirani yetu Telesphor anatamba kwamba baba yake ameshikana mkono na mgombea.

Mkono tu!

Jean Bosco, wa darasa la tatu, akaniuliza kama na mimi namjua Lusambo. Annonciata, wa darasa la saba, akaacha kuosha vyombo. Hata Emelyne, kitinda mimba, akatoa kidole mdomoni. Ningefanyaje? Nikasema Lusambo ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikaa dawati moja. Hesabu alikuwa ananakili kwangu.

Jamani, zile nyuso! Mimi ni fundi baiskeli, kutwa nzima nimejaa grisi. Sijawahi kutazamwa vile na watoto wangu. Raha ikanizidi. Nikaongeza kwamba Ijumaa mkutano hauwezi kuanza mpaka jina langu litajwe.

Mke wangu Rozalia alikuwa anapepeta mchele wa kwao Mpimbwe. Akazidisha kupepeta.

Ukweli nauandika hapa ambapo hausomwi na mtu: Lusambo namjua kwa mabango.

Jumapili, 7 Julai

Telesphor ni mtu mbaya. Baada ya misa, mbele ya watoto wangu, rozari bado iko mkononi, akaniuliza eti dawati hilo lilikuwa shule gani. Lusambo kasoma Kakese. Mimi kila mtu anajua nimezaliwa Katumba na nimesoma Katumba.

Nikamjibu kwamba nilihamia Kakese muhula mmoja kwa sababu za kifamilia. Akauliza sababu zipi. Nikamwambia mambo ya kifamilia hayazungumzwi mlangoni mwa kanisa. Nimemkomesha.

Njiani Annonciata akataka kujua huko Kakese nilikuwa nalala kwa nani. Nikajifanya nimeingiwa na mdudu jichoni. Yule mtoto atakuwa hakimu, nawaambia. Akili kachukua kwangu.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepata njia. Utambulisho!

Katika nchi hii mgombea hafungui mdomo kabla watu hawajatambulishwa. Wazee, mapadri, wachungaji, wenyeviti. Ukitajwa unasimama, unapunga mkono, unapigiwa makofi, unakaa. Hakuna anayeuliza umefanya nini. Nikitajwa mimi, watoto watasikia kwa masikio yao, biashara imekwisha.

Mshereheshaji wa Ijumaa ni Séverin, mwalimu wa kwaya. Huyu nimesoma naye kweli. Nikamfuata uwanjani. Akasema orodha imejaa, hata mama yake mzazi hajaingia. Nikamkumbusha tulivyoiba miwa pamoja Katumba. Akaniomba nipunguze sauti, kuna wajumbe wa kamati.

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Mara nikamsikia akilalamika kwamba meza kuu haina kochi. Vipo viti vya plastiki tu, na mgombea hawezi kufunga kampeni amekaa kama yuko msibani. Moyo ukaruka. Nikasema kochi ninalo. Akanitazama upya. Akasema mtu anayetoa kochi ni mhisani, na wahisani hutambulishwa mwishoni.

Mhisani! Nimelitamka neno hilo njia nzima.

Jumatano, 10 Julai

Nilijiandaa kugombana na Rozalia kuhusu kochi. Nilikuwa na hoja tayari. Nilishangaa alivyokubali haraka. Alisema nilipeleke tu, pengine litarudi na mguu wa nne. Maana moja ya miguu ilivunjika Pasaka, tumeweka tofali.

Ila vitambaa alikataa kabisa. Amevifuma mwenyewe, vyeupe na maua mekundu pembeni, na vinatoka sandukuni siku za sikukuu tu. Akasema vitambaa vyake haviendi kufuta jasho la mwanasiasa yeyote. Nikasema sawa mama Annonciata, nimekuelewa.

Sasa hivi viko kibandani kwangu, nimevifunga kwenye gazeti, chini ya matairi mabovu. Kochi bila vitambaa ni uchi. Siwezi kumvua nguo mke wangu mbele ya kata nzima. Akifikiri vizuri atanishukuru.

Alhamisi, 11 Julai

Tumelipeleka kochi kwa guta la mizigo. Mimi mbele, watoto nyuma wanasukuma. Emelyne alilia njia nzima kwa sababu kila mchana hulala hapo. Nikambembeleza kwamba kochi linaenda kumsubiri rafiki wa baba.

Tunafika uwanjani, nani yuko pale? Telesphor! Na kochi lake! La ngozi, jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Séverin mdomo wake haufungiki, kumbe alimweleza na yeye kuhusu wahisani. Na kamati, bila haya, wakaweka la Telesphor katikati, langu wakalisukumia pembeni nyuma ya spika. Eti la kitambaa litashika vumbi. Nikapinga. Wakasema kama sitaki nilirudishe.

Sikulirudisha. Nikalinyanyua kwa tofali imara, nikatandaza vitambaa, nikavinyoosha kwa kiganja. Likawa bibi harusi.

Jioni tumefanya mazoezi. Mimi nikawa Séverin, nikataja wahisani, nikafika kwenye jina langu. Watoto wanatakiwa kusimama na kupiga makofi bila kelele, kwa heshima. Jean Bosco anapiga vizuri. Emelyne anaanza kabla sijatajwa. Annonciata akauliza nisipotajwa itakuwaje. Nikamwambia mtoto mzuri haulizi hivyo.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika mapema, watoto wamepakwa mafuta hadi magotini. Nikawaongoza moja kwa moja meza kuu. Kijana wa ulinzi akanizuia kwenye kamba. Nikamwambia mimi ni rafiki wa mgombea. Akasema leo kila mtu ni rafiki wa mgombea, nirudi nyuma. Mbele ya watoto! Jean Bosco akaniangalia kwa chini. Nikacheka kwa sauti, nikasema marafiki wa kweli hukaa na wananchi. Tukakaa chini kwenye vumbi.

Séverin akaanza utambulisho. Wazee. Mapadri. Wachungaji. Bodaboda. Mama lishe. Mwenye jenereta! Mwenye jenereta kasimama na kupigiwa makofi. Kisha wahisani. Telesphor akatajwa wa kwanza. Akasimama, akapunga mikono miwili, akageuka ili hata waliokaa nyuma wamwone. Watoto wangu wakaweka mikono tayari. Nikakaza tai.

Hapo mtu wa kamati akamnong'oneza Séverin kwamba saa zinakwenda, na saa kumi na mbili kampeni zinafungwa kisheria. Séverin, msaliti wa miwa, akasema: na wengine wote, itifaki imezingatiwa.

Basi! Mimi nimo ndani ya itifaki!

Mikono ya Jean Bosco ilibaki hewani. Akauliza kama sasa wapige. Sijawahi kuona aibu kama ile, na wala si kwa ajili ya watu. Kwa ajili yake yeye. Annonciata akamshusha mikono taratibu, akamwambia watu ni wengi, mgombea hajamwona baba tu. Hakunitazama alipokuwa anasema.

Kwaya ikaanza kuimba. Jua lilikuwa limeshuka, linapiga meza kuu usoni. Lusambo kwenye ngozi ya Telesphor alianza kuhangaika. Kushoto, kulia. Akajifuta shingo. Mwishowe akanyanyuka, suruali imegandia, ikabanduka kwa taabu. Watu wa mbele wakacheka. Naye akaenda pembeni, kivulini nyuma ya spika, akakaa kwenye kochi la kitambaa.

Langu!

Nikageuka kuwaonyesha watoto. Wawili. Emelyne hayupo.

Mana yanje, Mungu wangu! Roho ilinitoka. Umati wote ule! Annonciata akakimbilia kwa wauza karanga, mimi kwenye bodaboda. Niliita mpaka sauti ikakauka, na spika ilikuwa inanizidi. Nilisahau mgombea, nilisahau Telesphor, nilisahau kila kitu. Nilimwomba Mungu anirudishie mtoto tu, mengine achukue.

Mara kwaya ikanyamaza. Nikasikia sauti ya Lusambo kwenye spika, anauliza huyu mtoto ni wa nani. Nikageuka. Emelyne wangu! Alikuwa amepita chini ya kamba, amepanda mahali pake pa kila siku, amelala usingizi mzito, kichwa kwenye paja la mgombea. Mate yanamtoka. Kiatu kimoja kiko kwenye kitambaa cha mama yake.

Lusambo akamwamsha, akamsogezea kipaza sauti, akamuuliza anaitwa nani na kwao wapi. Emelyne akapiga miayo kwenye spika. Akasema kwao ni hapa. Uwanja ukacheka. Akasema tena, kwa hasira ya mtu aliyekatishwa usingizi: "Kochi letu hili. La baba Libérat."

Na Lusambo akatangaza, sauti ikafika hadi sokoni: "Libérat, mwenye kochi, popote ulipo, njoo meza kuu!"

Nilitembea. Sikukimbia. Watu waligeuka, wakanipisha. Kijana wa ulinzi akainua kamba kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma nikasikia makofi ya watoto wangu wawili yanaanza, ya heshima, bila kelele, kama mazoezini. Kisha uwanja mzima ukadakia. Mwenye jenereta hakupigiwa hivyo.

Nikafika. Lusambo akanitazama. Kipaza sauti kiko wazi, watoto wanasikiliza. Nikajua sasa atauliza mimi ni nani, nimekwisha. Lakini mgombea siku ya mwisho ya kampeni hawezi kumkana mtu. Akanikumbatia, akasema kwenye spika: "Libérat ndugu yangu! Siku nyingi!"

Siku nyingi! Kata nzima ni shahidi.

Nilimbeba Emelyne begani, kifua mbele. Marehemu baba yangu aliingia Katumba mkimbizi, mkeka kichwani, hana kiti hata cha kuazima. Leo watu wakubwa wanahama kwenye ngozi kuja kukalia kochi letu. Nililia kidogo. Nimewaambia watoto ni vumbi.

Rozalia naye alikuwepo, upande wa kina mama. Niliona anaviona vitambaa. Nikajiandaa kufa. Lakini kina mama walikuwa wamemzunguka wanauliza ni vya nani, na yeye amenyoosha shingo anaeleza nyuzi alivyozihesabu. Nyumbani alisema kitu kimoja tu: siku nyingine nimwambie, atoe vile vipya.

Nimelala chali nafikiria. Labda kweli tulikaa dawati moja. Nikikaza akili namwona kabisa, upande wa dirishani.

Jumapili, 14 Julai

Lusambo kaanguka. Vibaya. Matokeo yamebandikwa tangu jana.

Telesphor anapita mtaani anasema alikuwa na yule mshindi toka mwanzo, lile kochi lilichukuliwa tu. Aibu hana! Mimi nimewaita watoto, nikawaambia sisi hatukimbii rafiki akianguka. Nikatoa heshima ya dakika moja. Jean Bosco aliinamisha kichwa kwa uchungu wa kweli. Nilijivuna kuwa na mtoto mwaminifu hivyo.

Jioni Annonciata akanifuata kibandani. Akashika pampu, akawa ananisaidia kujaza tairi. Akasema polepole kwamba anajua hatukukaa dawati moja, wala Kakese sijawahi kuishi. Amejua toka siku ya kwanza. Nikainamia tairi. Akasema hajamwambia Jean Bosco na hatamwambia. Akasema yeye hahitaji nijue wakubwa. Siku ile Emelyne alipopotea aliniona ninavyokimbia nalia, na hiyo inamtosha.

Nimekaa na tairi mkononi mpaka giza. Nimeapa: kuanzia leo nasema ukweli mtupu.

Jumatatu, 15 Julai

Mwalimu Minza wa darasa la saba ameniita shuleni. Ijumaa alikuwepo uwanjani, alisikia yote. Akaniambia kwa heshima, ameniita mzee Libérat, kwamba mahafali yanakaribia na shule haina mgeni rasmi. Kwa kuwa nafahamiana na wakubwa, kamati inaomba nisaidie kumpata mmoja.

Annonciata alikuwa amesimama mlangoni. Akanitikisia kichwa: hapana, baba. Akatikisa tena, kwa nguvu. Mtoto ana unyenyekevu wa ajabu, hataki makuu. Lakini ni mahafali yake! Mtoto aliyeniambia maneno yale ya jana, ahitimu mbele ya mtendaji wa kata? Haiwezekani.

Nikamwambia mwalimu asitafute mtu mwingine. Nitawaletea waziri.

Mwalimu Minza akasimama, akanipa mikono miwili. Akauliza ni waziri yupi, ili waandike kwenye kadi. Nikamwambia asubiri kwanza, wako wengi na wote ni ndugu zangu, nisije nikawagombanisha.