Nani Anapanda Skuta kwa Kadi Yangu?

Jumatatu, 9 Juni

Nimepoteza peso 46,200. Kati ya tarehe 13 na 29 Mei. Mara sita. Nimeyaona malipo hayo leo asubuhi kwenye taarifa ya benki, kati ya bili ya umeme na vikombe vya karatasi: RDM*BICISK 0077. Si jina la mtu, si jina la duka. Linafanana na kikohozi.

Nimepiga simu benki. Dakika thelathini na moja za muziki. Binti wa benki akaniambia kwa sauti tamu kwamba hao ni wakodishaji wa skuta za umeme na baiskeli, zile zinazoachwa ovyo kando ya barabara. Nikamwambia mimi nauza maji ya machungwa, sina muda wa kuteleza mjini kama mwanasarakasi. Akasema, kadi ni yako, don Eliécer, na malipo ni halali. Halali! Neno hilo limeniharibia chakula cha mchana.

Nakiri: nilipanda mara moja, mwezi wa nne, kwa sababu dakika kumi za kwanza zilikuwa bure. Nikashuka dakika ya tisa. Lakini hiyo ilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, na simu hiyo sinayo tena. Kwa hiyo si mimi.

Basi ni nani? Hasira ninayo, lakini kusema kweli nina hamu zaidi ya kujua.

Jumanne, 10 Juni

Nimeikuta skuta moja imelala kando ya duka la dawa, bei zimebandikwa kwenye usukani. Peso 2,000 kuiwasha, 400 kila dakika. Nikakimbilia daftari. Peso 8,400, toa 2,000, gawanya kwa 400: dakika kumi na sita. Ya pili kumi na tano. Kisha kumi na sita, kumi na saba, kumi na tano. Siku ya mwisho ni peso 4,600 tu, bei ya baiskeli, 1,000 kuanza na 150 kila dakika: dakika ishirini na nne. Yaani mwizi ana njia yake moja! Anaondoka hapo hapo, anafika pale pale. Hatalii. Ana miadi.

Mke wangu Yamile akauliza kwa nini nachora miduara kwenye ramani ya Bogotá kwa mfuniko wa sufuria. Nikamwambia huo ni uchunguzi. Akasema uchunguzi uishe, ugali wa mahindi hauwezi kupikwa bila mfuniko.

Halafu nikaziona tarehe. 13, 15, 19, 21, 27, 29. Zote witiri! Zote siku za kazi! Na nani katika jiji hili anakwama tarehe witiri, siku za kazi? Mwenye gari lenye namba inayoishia na moja hadi tano, ambalo serikali hairuhusu liguse lami siku hizo. Na gari la Wilmar, shemeji yangu, namba yake inaishia na tatu.

Nimelala kama mtoto mchanga.

Jumatano, 11 Juni

Tarehe witiri. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimejibanza nyuma ya rafu za duka la mikate, mbele ya nyumba ya Wilmar. Nikalazimika kununua mikate minne ya jibini ili nisifukuzwe. Saa moja akatoka. Akatembea hadi kituoni. Akapanda basi.

Ujanja huo! Ameniona.

Jioni nilimkabili bila kuzunguka. Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, shemeji, mimi na goti hili nisimame kwenye ubao wa magurudumu? Akaongeza kwamba tangu nianze kuuza machungwa nimekuwa mchungu kuliko maganda yake. Nikamjibu kwamba anayecheka sana ana cha kuficha. Hapo kicheko kikakatika. Akasema vizuri, Jumapili machungwa yako ubebe kichwani.

Sasa hili ni zito. Jumapili ni Siku ya Akina Baba. Barabara ya Saba, kilipo kibanda changu, itafungwa kwa magari kama kila Jumapili, watapita waendesha baiskeli maelfu kwa maelfu, wote na kiu, wote na baba zao. Siku hiyo moja inanilipia kodi ya mwezi mzima. Na magunia manne ya machungwa huwa yanakuja kwa gari moja tu: la Wilmar. Nisipokuwepo, Suesca wa kibanda cha pili atauza hadi maji ya kuoshea glasi.

Ijumaa, 13 Juni

Jana nilifikiri. Leo nimetenda. Kumjua mwizi, pita njia ya mwizi. Nimeweka tena ile programu kwenye simu yangu mpya, nikaingiza kadi, nikaondoka mlangoni kwa Wilmar, mshukiwa wangu, na saa mkononi.

Kaskazini, dakika kumi na sita: duka la matairi, limefungwa. Peso 8,400.

Nikarudi kwa miguu. Kusini, dakika kumi na sita: ukuta. Peso 8,400.

Nikarudi kwa miguu, nikichechemea. Magharibi, dakika kumi na sita kamili: uwanja wa tejo! Pale wazee wanaporusha visahani vya chuma kwenye udongo ili vilipue vipakiti vya baruti. Na ni nani alikuwa katikati, kisahani mkononi, mguu mmoja mbele? Mama mkwe wangu, Mama Ubaldina, miaka sabini na moja, anayeishi kwa mwanawe Wilmar. Paaa! Baruti ikalipuka, wazee watatu wakampigia makofi. Mmoja akaniambia huyu mama ametumaliza, na wewe mkwe wake ni mtu wa heshima sana, sifa zako tunazisikia kila wiki. Sikujua kwa nini. Lakini sifa sikuzikataa.

Mlangoni palikuwa na skuta imeegeshwa vibaya, shali la sufu limefungwa kwenye usukani. Shali lenyewe linafanana sana na la Mama. Watu hawana adabu ya kuegesha.

Nikamuuliza amefikaje. Akasema, kama kawaida yangu, mwanangu, kaa unywe bia.

Nimekaa, nimekunywa, nimewaza. Siku za shufwa Wilmar ndiye humleta. Leo ni witiri. Kwa hiyo Wilmar anaendesha gari siku ya marufuku! Sasa nimemshika. Machungwa atabeba.

Kurudi nilipanda skuta tena, miguu ilikuwa imegoma. Peso 8,800. Jumla ya uchunguzi: 34,000.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu. Naandika haraka.

Nilikwenda na Yamile kwa Wilmar wakati wa kifungua kinywa, familia nzima mezani. Nikatangaza: ama machungwa, ama polisi wa barabarani wajue ya jana. Wilmar akaweka kijiko chini. Akasema gari liko kwa fundi tangu Alhamisi, litatoka leo saa kumi.

Nikauliza, basi jana nani alimleta Mama?

Mama Ubaldina akainua simu. Ile niliyompa Siku ya Akina Mama. Akasema, si nabonyeza hiki cha kijani, mwanangu, kinalia ting, skuta inawaka. Siku moja skuta ziliisha nikachukua baiskeli, nikachoka kidogo. Nilidhani ndiyo zawadi yenyewe! Nimewaambia wote uwanjani: mkwe wangu amenipa simu yenye usafiri ndani.

Yamile akanitazama polepole. Akauliza: Eliécer, si ulisema umeinunua mpya dukani?

Nilisema ilikuwa karibu mpya.

Wilmar alicheka hadi goti likamuuma. Halafu akatoa masharti: machungwa atabeba, kama nitamwomba radhi mbele ya wote na kumletea zawadi ya kesho, maana naye ni baba. Nimekubali.

Jumapili, 15 Juni

Magunia manne yalifika saa kumi na moja alfajiri. Glasi 312, kwa peso 4,000: peso 1,248,000! Suesca, kwa hesabu yangu kutoka ng'ambo ya barabara, hakuvuka 190. Kodi imepatikana.

Wilmar nimempa tableti ya kibandani. Karibu mpya. Ufa wa kioo nimeufunika kwa stika ya chungwa. Fundi wa simu alitaka peso 20,000 kuisafisha yote ndani. Elfu ishirini kwa kubonyeza kitufe! Lakini mimi si mtu wa kuumwa mara mbili. Niliitafuta ile programu ya skuta, nikaifuta kwa kidole changu mwenyewe. Bure.

Wilmar alikaribia kulia. Amenikumbatia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepoteza peso 116,700. Tarehe 16, 17 na 18. Mara tatu, 38,900 kila mara. Si skuta: kuku mzima wa kukaanga na viazi, amepelekwa nyumbani.

Witiri na shufwa zimechanganyika, kwa hiyo si mambo ya gari. Kuku mmoja ni vipande vinane. Vipande viwili kwa kila mtu ni watu wanne. Natafuta familia ya watu wanne wenye njaa na wasio na aibu. Kwa Wilmar wako wanne, lakini Wilmar sasa ni ndugu yangu. Tena amekuwa mkarimu ajabu: ametualika usiku huu, na barua ya kwenda benki naiandika mezani kwake, vidole vina mafuta. Kuku wake ni mtamu. Nimechukua mapaja mawili.

Nimeandika hivi: Mabwana, msinipe muziki. Sitaki kusikia halali. Nani anakula kuku kwa kadi yangu? Jina na anwani, kesho Ijumaa kabla ya saa sita mchana.