Mmea wa Mama Mkwe na Mgahawa wa Supu ya Bata

Jumanne, 3 Oktoba
Mmea wangu umetoa jani moja tu jipya tangu Songkran, mwaka mpya wetu wa Aprili. Moja! Majani ya mmea wa Prasong yanagusa uso wa maji. Prasong ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu, na ni mvivu wa kutupwa. Mama mkwe alimpa kila mmoja wetu mche kutoka kijito cha nyuma ya nyumba yake, tuukuze ndani ya tangi la samaki. Watawa wakitoka mafungoni mwisho wa mwezi huu, mwenye mmea mzuri ataachiwa mgahawa wa supu ya bata. Mama anasema asiyeweza kungojea mmea hawezi kungojea supu. Leo nimevua mkononi uzi mweupe wa baraka, nikaufunga kwenye shina. Pia nimeung'oa mmea kidogo, nione kama mizizi inakua.

Ijumaa, 6 Oktoba
Majani yameyeyuka! Uteute mtupu. Nikauhamishia dirishani, kisha jikoni. Mke wangu Orathai kaniuliza, "Wewe Wichai, huo mmea ni yai, kila saa unachungulia kama limeanguliwa?" Msaada sifuri.

Jumapili, 8 Oktoba
Akina Prasong walikwenda hekaluni kupeleka chakula cha watawa. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nimechukua pandikizi lake, nikamwachia kisiki changu. Mbwa wao ananijua, alitikisa mkia. Mgahawa huo!

Jumatano, 11 Oktoba
Uteute tena!! Prasong kauloga. Nilimkuta barazani kajinyoosha, nikamuuliza kwa huruma mmea wake unaendeleaje. Umenyonyoka wote, alisema, wala hana presha. "Utachipua tu, kaka. Ukiuandama ndio unanuna." Nilicheka kimoyomoyo. Mjinga yule!

Jumapili, 29 Oktoba
Aibu. Mama kaja kukagua. Kwangu: maji ya kijani na samaki mmoja mwenye majonzi. Kwa Prasong: majani matatu mapya, yanang'aa. Mmea wangu umeshinda, mimi nimeshindwa! Na nitadaije? Nitasema ulifikaje pale? Mama akainama, akauona uzi mweupe kwenye shina. Akautazama mkono wangu mtupu. Akautazama tena uzi. Nilitamani niingie tangini. Mgahawa kampa Prasong. Mimi kaniambia, "Wewe, mwanangu, utaosha mabakuli. Ukitulia mpaka Songkran bila vituko, nitakufundisha supu." Orathai amelia. Mimi pia, bafuni.

Jumatatu, 30 Oktoba
Mabakuli asubuhi nzima. Vidole vimekunjamana. Songkran ni mbali mno! Nimewaza sana huku nimeinamia karai. Ule mmea ni wangu kwa haki, mama mwenyewe kaushuhudia uzi. Na Prasong sasa yuko mgahawani kutwa, kwake hakuna mtu. Saa ya chakula cha mchana nimekwenda kuuchukua. Mbwa katikisa mkia. Upo hapa dirishani sasa, mzuri ajabu, majani yote matatu. Nimeung'oa kidogo tu, nione mizizi.