Nilivyoung'oa Usukani wa Umeme

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimemkosea mke wangu. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea. Ule waya wa usukani wa pikapu yake niliulegeza mimi. Kwa koleo langu, nikiwa na akili timamu. Nilitaka usukani wa umeme umkatikie kidogo tu, hapa hapa mtaani, akubali kwamba umeme si wa kuaminika na mpango mzima ni usukani wa mafuta, unaosukumwa na pampu. Ukamkatikia katikati ya mto, akienda kutibu ng'ombe. Kauvuta usukani mkavu, bila msaada wa mota, mpaka ng'ambo. Bega lake bovu likamalizika. Leo alfajiri kaenda kwa dada yake akakandwe, pikapu kaiacha uani. Hakugomba hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha.

Mwenye makosa hasa ni Profesa, fundi wa upande wa pili wa barabara. (Tayari najitetea.) Huo umeme kaufunga yeye. Na mke wangu kamsifu mbele yangu, eti sasa kwenye mawe na matope anakata kona kwa kidole kimoja. Mimi nimeendesha pampu za maji nusu ya umri wangu, hakuna aliyewahi kunisifu hata kwa kidole hicho kimoja.

Mpango: kung'oa umeme, kufunga mafuta. Akirudi akute kitu imara, na ushahidi umepotea.

Koleo silioni.

Jumanne, 8 Oktoba
Mota ya umeme imetoka. Nimeilaza chini ya kitanda, upande anaolala mke wangu. Pampu ya mafuta nimeipata kwa muuza vyuma chakavu, imetolewa kwenye lori la kokoto. Kaniuliza, kaka, unaifunga kwenye meli? Nikacheka kitaalamu.

Nimempigia mke wangu. Kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula vizuri sana. Mkate mkavu na chai, wima, kando ya sinki. Ile meza ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Koleo bado. Namshuku Profesa.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeshinda chini ya pikapu. Pampu imekaa! Mkanda umekaa! Zimebaki hozi mbili za mafuta, moja ya kusukuma kulia, moja kushoto, zinafanana kama mapacha. Nikapaza sauti nipewe spana. Anayenipa huwa ni mke wangu. Hunipa ninayoona siyo, tunabishana, kisha inageuka kuwa ndiyo yenyewe. Nikatoka, nikaichukua mwenyewe, nikarudi chini. Nikalala pale kwa muda bila kufunga chochote.

Nimemwendea Profesa kumdai koleo. Kasema, jirani, kile kikoleo chako kibogoyo nikifanyie nini, nikipeleke kwa daktari wa meno? Gereji nzima ikacheka. Nikaondoka na heshima yangu, ile iliyobaki.

Simu: kauliza tena kama nimekula.

Alhamisi, 10 Oktoba
Majaribio! Nikawasha, nikaingiza gia, nikaugusa usukani kwenda kulia. Ukaenda kushoto. Nikavuta kulia kwa nguvu zote. Ukazidi kushoto mpaka mwisho na kugoma huko. Hozi nimezipishanisha! Pikapu ikazunguka uani kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ikabeba kamba ya nguo. Gauni la kazini la mke wangu likafunika kioo, kona yake ikaingia dirishani mpaka puani kwangu. Bado linanukia sabuni yake. Nitasema kweli: breki ilikuwepo. Mzunguko wa mwisho niliuongeza kwa makusudi.

Profesa kachungulia juu ya ua. Kauliza kama kuna harusi. Kisha, taratibu, kauliza mota yake iko wapi. Nikasema mota gani.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mkate umekwisha. Nikaamua kupika, mara ya kwanza tangu aondoke. Nikainamia kikapu cha vitunguu.

Koleo!

Limelazwa juu ya vitunguu, limefutwa, ila tope la mto limebaki kwenye vimeno vilivyosalia. Nikakaa sakafuni. Kumbe nililisahau juu ya betri. Kule mtoni mke wangu kafungua boneti, kaliona pembeni ya waya uliolegea. Karudi nalo, kaliweka mahali nitakapoliona siku ya kwanza nitakapojipikia. Ndiyo maana kila simu anauliza kama nimekula. Na mimi namjibu vizuri sana.

Nikavuka barabara, nikamweleza Profesa yote. Hakucheka. Bora angecheka. Kasema kesho nilete mota, ataifunga mwenyewe, mimi nishike tochi na nisiguse kitu.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, nitasimama mlangoni kwa shemeji, koleo mkononi, na mbele yao wote wawili nitasema: niliulegeza mimi. Kisha nitamrudisha nyumbani yeye mwenyewe akiendesha, kidole kimoja.

Pampu siitupi. Nimegundua klachi ya pikapu ni ngumu kidogo kwa mguu wake, na klachi nayo hupenda mafuta. Kesho katikati ya kazi Profesa ataenda kunywa chai, na koleo nimeshalipata. Sitamwambia mke wangu. Jumapili, kabla ya adhuhuri, atajionea mwenyewe.