Mgeni Rasmi wa Azimio

Redio ilipotangaza kwamba Azimio la Arusha linatimiza miaka sitini, wengine walikumbuka Ujamaa, wengine wakakumbuka foleni za sukari. Frederick wa Kijenge alikumbuka masufuria. Mfuniko mmoja wa sufuria hutoa nishani nne, na ukishazitundika kwenye utepe wa kijani hakuna mzee atakayeuliza zimetoka wapi.

Tusimhukumu haraka, kijana alikuwa anaoa. Baba yake Agnela alitaka mahari ifike Jumatatu, la sivyo binti angekwenda kwa mwenye duka la vipuri. Wastaafu wa Engutoto walikwisha kumpa laki sita kwa nishani hizo. Zilibaki laki sita nyingine, na aliambiwa kwamba Maji ya Chai kuna kwaya ya Kilutheri iliyoimba siku zile za Azimio, na waimbaji kumi na wawili bado wako hai.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia mwenyekiti wao, Bibi Hanna, aliyekuwa akimenya ndizi. "Natoka Kamati ya Kumbukumbu. Kila mwimbaji anapata nishani. Ada ya usajili ni elfu hamsini tu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe serikali haijatusahau! Njoo Jumapili baada ya ibada, uwavalishe mbele ya watu. Ada utaikuta."

Jumapili Frederick alifika na suti ya kuazima, laki sita za Engutoto zikiwa kwenye mfuko wa ndani, maana chumbani kwake alikuwa anaishi na tapeli mwenzake. Akakuta maturubai, viti, na ua la plastiki la kumbandika kifuani. Akawavalisha wazee nishani. Wawili walilia, na yeye mwenyewe alikaribia kuamini kwamba kamati ipo.

Kisha Naftali, katibu wa kwaya, akasoma risala. Risala, kama tujuavyo, haijawahi kuisha bila ombi.

"Kwaya yetu haina kinanda. Tunamwomba mgeni rasmi atufungulie harambee."

Watu mia tatu wakamgeukia. Frederick akatoa elfu kumi. Mtu mmoja akakohoa.

"Hiyo ni ya soda," Bibi Hanna alisema kwenye kipaza sauti, kwa upole mwingi. "Kamati ya taifa itoe elfu kumi? Labda mheshimiwa diwani awapigie simu hukohuko, awaulize."

Diwani, aliyeketi karibu na mchungaji, akatoa simu. Frederick akatoa laki sita. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Alijifariji kwamba ada bado ipo. Baada ya pilau akamvuta bibi pembeni.

"Bibi, ile ada..."

"Naftali ameshatangaza kwamba umetusamehe. Hukusikia makofi?"

Frederick akaelewa. "Kumbe mlijua?"

"Mjukuu wangu, wewe ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alituachia viti, wa pili spika."

Frederick akakaa kwenye nyasi na suti ya watu. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli, pengine ya kwanza tangu aanze kazi.

"Bibi, ile ilikuwa mahari yangu!"

Bibi Hanna alimtazama kwa huruma, kisha akawageukia wenzake.

"Wanakwaya, simameni mumwimbie huyu kijana. Ametoa mahari, ametuoa."