Ndaki Niliyoiponda Mnadani

Jumatatu, 22 Julai 2019

Matokeo ya mjukuu wangu Irine: B moja, C mbili. Kemia, Baiolojia, Jiografia. Alama kumi! Ukoo wetu haujawahi kufikisha kumi ya kitu chochote isipokuwa watoto.

Tumekwenda kwa Paskali, yule wa duka la kopi mwenye kompyuta, kutazama habari za Chuo Kikuu kile kikubwa cha serikali. Kumbe si chuo kimoja. Ndani yake kuna vyuo vidogo vinaitwa ndaki, na kila ndaki ina mlango wake na ugumu wake. Zizi moja, malango mengi. Mimi nimekuwa dalali wa ng'ombe miaka arobaini. Malango nayajua.

Irine anataka Ndaki ya Kilimo na Samaki, basi. Tangu mdogo anahesabu kambale pale Ziwa Babati. Nikamwambia samaki ni mambo ya watu wa maji, sisi tumetoka milimani Mbulu. Akanijibu, "Babu, mbona ukimwona sato sahanini huukumbuki mlima?"

Mdomo huo karithi kwangu.

Jumatano, 24 Julai

Nimerudi kwa Paskali peke yangu. Nimemtaka anitolee hesabu za mwaka jana: viti vingapi, waombaji wangapi. Akalalamika kwamba kuna watu wanasubiri kopi. Nikamwambia waendelee kusubiri, na mimi nilisubiri uhuru.

Nimepiga hesabu kwa mkono wangu, darasa la nne la mkoloni. Maajabu! Ndaki ya Elimu ina viti vingi kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote. Watu kumi na wanne wanagombea kiti kimoja. Ndaki ya Sayansi, watu tisa. Kilimo na Samaki ina viti arobaini tu, lakini kila kiti kina watu wawili na nusu. Wote wanaogopa mlango mwembamba, wanakwenda kubanana kwenye mlango mpana. Ng'ombe nao ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo njiani kwa Irine amesimama mtu mmoja na nusu. Hao nitawaondoa.

Huyo mmoja namjua. Ni Amira, mjukuu wa Salimu mwenye duka la mabati pale Maisaka. Masomo yale yale, alama zile zile kumi, ndaki ile ile! Salimu kanitangazia hata salamu hatujamaliza. Anasema wasichana watakaa chumba kimoja. Chumba! Kiti kwanza.

Jumamosi, 27 Julai

Leo mnada. Sheria ya mnada ni moja: fahali unayemtaka humsifii. Unamzunguka. Unatema mate. Unasema kwato zimeoza, unauliza kama anauzwa au anatafutiwa kaburi. Wenzako wakikata tamaa, unafungua kamba na kuondoka naye.

Basi nimekaa penye nyama choma nikaiponda Kilimo na Samaki. Nimesema habari nimezipata kwa mtu mkubwa kule chuoni, simtaji. Binti mwenye A tatu karudishwa getini! Kisha nikaisifu Elimu: mlango hauna hata bawaba, ukiuegemea unaangukia darasani. Ombeni muuza chumvi ya mifugo, ambaye binti yake naye kamaliza kidato cha sita, kanishika mkono kwa mikono miwili. Kaninunulia na supu.

Nikapita kwa Salimu nikayarudia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akauliza neno moja tu: Irine anaomba wapi? Nikasema Elimu. Akasema, "Haya, Mzee Damiani. Mungu akulipe sawasawa na nia yako."

Mtu mstaarabu sana.

Paskali ananibishia. Anasema waombaji ni wa nchi nzima, Babati hawazidi kumi. Hajui biashara. Mnada wowote huanza kuvunjika kwa mtu mmoja kuondoka.

Irine sijamwambia. Karudi Mutuka kwa mama yake, Kandida, wanapukuchua mahindi. Tena fahali haambiwi bei.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya misa Wilhelmina, mwenyekiti wa jumuiya, kanivuta pembeni. Eti, nimesikia? Ile ndaki ya samaki wanataka A tatu, wanakuhoji kwa Kilatini, halafu wanakutupa ziwani waone kama unaelea! Nikamwuliza kazipata wapi hizo. Kwa mtu mkubwa, hatajwi.

Uvumi wangu! Uliondoka ndama, umerudi una pembe. Hata mimi niliogopa kidogo.

Anasema amewaonya akina mama wote, na Mutuka amefika. Nikampongeza kwa utume wake.

Jumamosi, 10 Agosti

Dirisha la maombi limefungwa leo. Irine na mama yake wamekuja kwangu Singe na kuku. Irine kajaza mwenyewe kwenye simu. Chaguo la kwanza: Elimu. La pili: Elimu. La tatu: Sayansi.

Nikauliza samaki wako wapi.

Kandida akajibu yeye, mikono juu: "Baba, tumenusurika! Mama Wilhelmina katuokoa. Kule wanatupa watoto ziwani!"

Nikamwuliza Irine ameachaje kitu alichokitaka tangu mdogo. Akasema, "Babu, mji mzima unasema. Mimi nani nibishe?" Alikuwa anatazama chini. Nikasema amefanya vizuri. Ningesema nini?

Kuku nikawaachia wao.

Jumanne, 20 Agosti

Majina yametoka. Amira: Kilimo na Samaki. Irine: hayupo popote. Paskali katafuta mara tatu, mara ya tatu kwa kunionea huruma.

Irine alimshukuru, akatoka nje, akasimama karibu na pipa la maji, uso ukutani. Nikaenda nikasimama naye. Mtoto alikuwa anasema polepole kwamba labda arudi tu shambani.

Hapo akafika Salimu na Amira. Salimu hakunipa hata mkono. Akasema mbele ya wote, "Damiani, miaka thelathini sijakusikia ukiponda ng'ombe usiyemtaka. Ulipomaliza kahawa yangu tu, nikamwambia Amira aiweke ndaki ile ya kwanza." Kisha akamweleza Irine uvumi ulianzia wapi. Mwanzo mpaka mwisho! Hata supu ya Ombeni aliijua.

Irine alinigeukia. Nimewaangalia ng'ombe wengi machoni kabla ya kuchinjwa. Leo ng'ombe nilikuwa mimi.

Jumatano, 28 Agosti

Dirisha la pili! Paskali anasema Kilimo na Samaki imebakiza viti sita. Maana yake hesabu zangu zilikuwa sahihi tangu mwanzo, lango ni jepesi. Hakuna aliyenipongeza.

Amira kakaa na Irine dukani kwa Paskali, wamejaza pamoja. Ndaki ile tu, hakuna nyingine. Irine anasema asipopata hapo, mwaka umepotea. Kisha kanishikisha rozari ya marehemu bibi yake na kuniapisha: mpaka dirisha lifungwe Jumanne, nisiseme neno baya lolote juu ya ndaki ile. Salimu, Mwislamu mzima, kasimama shahidi wa rozari!

Nimeapa.

Jumamosi, 31 Agosti

Neno baya. Hivyo ndivyo nilivyoapishwa. Mjukuu wangu ana akili, lakini mikataba hajaizoea.

Nimefikiri siku tatu. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba Babati wananijua. Nikiponda, wanajua kitu ni kizuri; si ndivyo alivyosema Salimu mwenyewe? Basi nikisifu, watajua ni kibaya. Rahisi!

Leo mnadani nimepanda juu ya kreti la soda. Nimeisifu Kilimo na Samaki mpaka koo limekauka. Viti sita vipo! Alama kumi zinatosha! Dirisha liko wazi mpaka Jumanne! Nikawapa na ushahidi, mjukuu wa Salimu, kapita bila hata kulowa miguu. Mtu akisifiwa kitu namna hiyo na dalali, lazima akimbie.

Ombeni, ambaye binti yake kakosa Elimu, kaniomba nilitaje jina la ndaki tena, polepole. Watu saba wameliandika. Wawili kiganjani, mmoja nyuma ya kibali cha ng'ombe. Wengine wameondoka mbio kuelekea kwa Paskali.

Wameliandika, bila shaka, ili wasije wakalijaza kwa bahati mbaya.