Chumvi, Sukari na Kiti cha Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mkuu wa idara ya kemia kiko wazi tangu mzee wetu afariki. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Mimi na mwalimu mwenzangu, Bi Chaki, tutafundisha somo moja: tofauti ya bondi ya ayoni na ya kovalenti, yaani namna atomu zinavyoshikana. Atakayempendeza mkaguzi atakalia kiti. Bi Chaki ataonyesha balbu ikiwaka kwa maji ya chumvi na kugoma kwa maji ya sukari. Nimebadilisha yaliyomo kwenye makopo yake ya chumvi na sukari. Vyote vyeupe. Nani atajua?

Jumanne, 5 Machi
Nimeonja. Mwiko maabara, najua. Chumvi imerudi kopo la chumvi! Makopo yamepinduliwa kichwa chini, mazoea ya marehemu, eti unyevu usiingie. Bi Chaki anaapa hajakanyaga maabara. Nimebadilisha tena.

Jumatano, 6 Machi
Yamerudi. Kichwa chini. Naogopa. Bi Chaki kanikuta nimeduwaa, akasema kaka, tumwombe Mkuu wa shule tukishike kiti pamoja. Pamoja! Hiyo ni kovalenti, atomu mbili kuchangia elektroni kama wapangaji na bafu. Mimi mtu wa ayoni: mmoja atoe, mwingine achukue. Nitachukua.

Alhamisi, 7 Machi
Akili mpya. Marehemu hupenda kugeuza. Basi nimeacha makopo sahihi, ayavuruge mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuyagusa. Somo la Bi Chaki limeteleza kama maji. Zamu yangu nikaeleza: katika bondi ya ayoni, aliyetoa elektroni na aliyepokea huvutana na kugandana. Chumvi ikiyeyuka, ayoni huachana na kubeba umeme. Sukari ni kovalenti, molekuli hubaki nzima, balbu haiwaki. Nikatumbukiza waya kwenye maji ya sukari. Balbu ikawaka. Betri ilikuwa bado mfukoni mwangu. Wanafunzi hawakutazama balbu. Walitazama nyuma yangu, pasipokuwa na mtu, wakasimama wote, wakaamkia shikamoo.

Jumamosi, 9 Machi
Kiti kapewa Bi Chaki. Ananibembeleza niwe naibu wake. Nimekataa katakata. Nimejifungia maabara, nikamwambia marehemu waziwazi: kiti ni chako, nipe mimi. Kitu cha baridi kikanishika mkono wa kushoto. Nikajua amekubali.

Jumapili, 10 Machi
Bado kimenishika, tumegandana kama chumvi. Mke wangu ameongeza sahani mezani, anasema si adabu mgeni kusimama muda wote huo. Sijali. Alimradi kiti nimekipata.